Uzamivu wa sayansi kutoka Lubumbashi: fedha hutoka wapi, na humfikiaje mtafiti

"Asistenti, bursi ya doktora inapatikana wapi?" Swali hili la ufadhili wa masomo ya uzamivu hunifikia mimi, mhadhiri msaidizi, kila mwaka, mara tu wanafunzi wa sayansi wanapomaliza kutetea kazi zao za mwisho hapa Lubumbashi. Anayeuliza huwa ameshika simu mkononi, ameshafungua orodha ndefu za majina ya mifuko ya ufadhili, na tarehe za mwisho za mifuko mingi kati ya hiyo zimeshapita. Ninaandika makala haya kwa ajili yake, kwa sababu naamini kwamba kinachomkwamisha si uvivu wala uhaba wa akili, bali ni namna swali lenyewe linavyoulizwa. Kuuliza bursi iko wapi ni kudhani kwamba ipo ghala mahali fulani, na kwamba mwenye alama nzuri akibisha mlango atapewa fungu lake. Katika uzamivu wa sayansi fedha haziendi hivyo, na afadhali mtu aanze kwa kuuliza nani anamlipa nani, na anamlipia nini.

Tuanze na gharama. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hulipa ada ili afundishwe. Mwanafunzi wa uzamivu, kwa miaka mitatu au minne, ni mtu wa kazini: anakwenda porini kuchukua sampuli, anaendesha mashine, anaandika makala yatakayobeba jina la maabara. Kazi hiyo inakula kemikali, vipuri, safari, bima na chakula cha kila siku cha huyo anayeifanya. Hakuna profesa anayemkaribisha mtu kwanza kisha ndipo aanze kuhangaika na malipo. Kwa kawaida huwa ameandika mradi mwaka mmoja au miwili kabla, akaupeleka kwa mfuko wa utafiti wa nchi yake au kwa Umoja wa Ulaya, ukakubaliwa, na ndani ya bajeti yake mna mstari wa mshahara wa mtafiti wa uzamivu. Kwa njia nyingi, basi, fedha hutangulia, mada hufuata, na mtu ndiye anayetafutwa mwisho. Ndiyo maana kijana aliyeandaa mada yake kwa uangalifu mkubwa hushangaa kuona maprofesa kumi hawamjibu. Mada yake huenda ni nzuri sana, lakini hakuna bajeti iliyoandikwa kwa jina la mada hiyo.

Hali hiyo inaonekana wazi zaidi katika Uswidi, Norwe, Denmark na Uholanzi, na kwa sehemu kubwa Ujerumani pia, ambako mtafiti wa uzamivu ni mwajiriwa mwenye mkataba, mshahara, kodi na likizo. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote: maabara fulani inatafuta mtu mmoja wa kuchunguza jambo fulani, kuanzia mwezi fulani. Anayetafuta neno "bursi" katika tovuti za vyuo hivyo hatazipata nafasi hizo, kwa sababu zimewekwa kwenye ukurasa wa ajira. Umoja wa Ulaya nao una mtandao uitwao EURAXESS, ambamo nafasi za namna hii kutoka nchi nyingi hukusanywa pamoja, na humo ndimo pia hutangazwa nafasi za mpango wake wa Marie Skłodowska-Curie.

Mpango huo wa Marie Skłodowska-Curie unastahili maelezo ya ziada, kwa kuwa watu wetu wengi hudhani kwamba ni wa Wazungu peke yao. Nafasi zake za uzamivu ziko wazi kwa raia wa nchi yoyote, hazina kikomo cha umri, na hulipa mshahara kamili. Sharti linalowaangusha watu ni la makazi: mwombaji asiwe ameishi au kufanya shughuli zake kuu katika nchi ya maabara inayoajiri kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia siku ya kuajiriwa. Kwa mtu ambaye hajatoka Lubumbashi, sharti hilo ni baraka, maana nchi zote ziko wazi kwake. Lakini aliyemaliza uzamili wa miaka miwili Ubelgiji mwaka jana hawezi kuajiriwa na maabara ya Ubelgiji kwa mpango huo, ingawa anaweza kuajiriwa na maabara ya Ufaransa au ya Italia iliyo katika mradi uleule. Nimewaona watu wawili waliolijua sharti hili baada ya kuandika maombi kwa majuma mengi, wakati lilikuwa limeandikwa katika aya ya pili ya tangazo.

Njia ya pili, baada ya ile ya kuajiriwa na mradi, ndiyo inayofanana zaidi na picha iliyo vichwani mwetu: serikali ya nchi fulani inamlipia mgeni masomo. Ujerumani ina shirika lake la mabadilishano ya wasomi, DAAD, China ina baraza lake la ufadhili, Japani ina ufadhili wa wizara yake ya elimu, MEXT. Hapa mtu huja na mada yake, na alama zake zina uzito mkubwa. Hata hivyo, mara nyingi anapaswa kuwa tayari na barua ya profesa anayekubali kumsimamia, kwa hiyo kazi ya kumtafuta profesa haikwepeki hata huku. DAAD kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho ya mwombaji isizidi miaka sita wakati wa kuomba. Asistenti aliyezama katika kufundisha kwa miaka minane baada ya lisanse yake, yaani shahada yake ya chuo kikuu, anakuta mlango umefungwa kabla hajajua kwamba ulikuwa wazi. Japani na China zina milango miwili, ubalozi na chuo chenyewe, na aliyekosa kwa ubalozi hajakosa kwa chuo. Niseme pia kuhusu ufadhili wa Jumuiya ya Madola, kwa sababu kila mwaka naona watu wakiujazia fomu: Kongo si mwanachama wa jumuiya hiyo. Rwanda iliingia mwaka 2009, na Gabon na Togo zikaingia mwaka 2022, nasi tuko nje.

Mtafiti wa Lubumbashi, hata hivyo, ana njia nyingine iliyo karibu naye zaidi ya hizo zote, na inanisikitisha kuona inavyopuuzwa. Ni njia ya miradi ya ushirikiano kati ya chuo chetu na vyuo vya nje, hasa vya Ubelgiji, ambamo mwanafunzi anafanya uzamivu kwa kupokezana: miezi kadhaa ya mwaka katika maabara ya ng'ambo, miezi mingine nyumbani akiendelea na kazi yake ya uasistenti. Fedha zake hupitia hasa ARES, ambalo ni shirika la vyuo vya Wabelgiji wasemao Kifaransa, na VLIR-UOS ya upande wa Waflemi, yaani Wabelgiji wasemao Kiholanzi. Nafasi hizo mara nyingi hazionekani katika orodha zinazosambazwa kwenye simu. Hutangazwa katika ubao wa fakulti, au profesa anayeongoza mradi upande wetu huwaeleza wasaidizi wake, na muda wa kuomba huwa mfupi.

Kwa nini vyuo vya nje vinakuja huku? Tazama kilicho chini ya miguu yetu. Katika vilima vyenye shaba, au mukuba kama tunavyoiita, miti ya miombo haioti. Panabaki uwazi wenye nyasi na maua madogo ambayo mtu wa kawaida huyapita bila kuyatazama. Mojawapo ni Haumaniastrum katangense, mmea wa jamii ya mnanaa wenye maua ya zambarau hafifu, unaoweza kustawi katika udongo wenye shaba ya kiasi cha kuua mazao ya shambani. Watafutaji wa madini waliutumia kama alama ya kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Baadhi ya mimea ya vilima hivi haipatikani mahali pengine popote duniani, na vilima vyenyewe vinachimbwa. Hapa mjini, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa bomba refu la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa miongo mingi, mtaa wa Penga Penga umebaki na udongo uliojaa metali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wamejaribu kuotesha nyasi huko ili kuushika udongo huo usitawanyike na vumbi. Madaktari wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji pia, nao wamechunguza metali katika miili ya wakazi, na mwaka 2020 walichapisha katika jarida la Lancet Planetary Health utafiti kuhusu kazi ya migodini na kasoro za watoto wanaozaliwa hapa mjini.

Kila utafiti wa namna hii ulikuwa na bajeti, na bajeti nyingi za namna hii huwa na nafasi za uzamivu. Kwa hiyo, badala ya kutafuta jina la mfuko, nawashauri vijana watafute makala. Chukua makala matano ya miaka ya karibuni kuhusu jambo unalolipenda katika eneo letu, soma majina ya waandishi na vyuo vyao, kisha nenda mwishoni kabisa, mahali ambapo waandishi hushukuru waliowapa fedha. Mistari hiyo miwili au mitatu, ambayo karibu hakuna anayeisoma, inakueleza nani alilipa, kupitia programu gani, na mara nyingine kwa namba ya mradi. Hiyo ndiyo ramani yako. Profesa aliyepata fedha kwa jambo hilo miaka mitatu iliyopita huenda sasa anaandika ombi la awamu inayofuata, na huo ndio wakati ambao barua yako ina thamani.

Barua yenyewe ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Wiki chache zilizopita nilionyeshwa moja iliyokuwa imetumwa, kwa Kifaransa kizuri, kwa maprofesa zaidi ya thelathini. Ilisema kwamba mwandishi amemaliza kemia kwa alama za juu, kwamba ni mchapakazi, na kwamba anatafuta bursi ya doktora "katika fani yoyote". Maneno hayo mawili ya mwisho yaliiua barua nzima, kwa kuwa profesa hamtafuti mtu wa fani yoyote. Tukaketi tukaiandika upya kwa sentensi chache. Ya kwanza ilitaja makala moja ya profesa huyo na jedwali moja ndani yake lililomshangaza mwandishi. Ya pili ilieleza alichokifanya kwa mikono yake: alipima shaba na kobalti katika lengalenga na matembele ya bustani za kando ya mto Kafubu, sampuli 60, msimu wa mvua na wa kiangazi. Ya tatu ilisema anachoweza kuleta, yaani bustani anazozijua, wakulima wanaomwamini, na uwezo wa kurudi kupima tena mwaka mzima. Ya nne iliuliza swali moja linalojibika: je, maabara inatarajia kuomba fedha au kutangaza nafasi katika mwaka ujao? Kijana yuleyule, alama zilezile, lakini safari hii profesa watatu walijibu. Wawili walisema hawana nafasi, mmoja akataka kuziona takwimu zake.

Barua ikijibiwa huja zamu ya vyeti, na hapa kuna mtego unaotuhusu sana sisi Wakongo. Katika mfumo wa zamani tulisoma miaka mitatu ya gradua na miaka miwili ya lisanse, jumla miaka mitano ya chuo kikuu. Nchini Ufaransa neno hilohilo, licence, ni shahada ya miaka mitatu. Msomaji wa maombi aliyeko Uswidi au Ujerumani akiona neno hilo kwenye cheti cha Lubumbashi anahesabu miaka mitatu, anaona uzamili haupo, na faili inawekwa kando bila mtu kuuliza. Mambo yamezidi kuchanganyika tangu sheria ya elimu ya Februari 2014 ilipoleta mfumo wa LMD (lisanse, masta, doktora), kwa sababu sasa nchini mwetu mna lisanse ya miaka mitano na lisanse ya miaka mitatu zenye jina moja. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuandika katika wasifu, kando ya jina la shahada, idadi ya miaka yote ya chuo kikuu na mfumo uliousomea, kisha kuomba fakulti barua ya ukurasa mmoja inayoeleza jambo hilohilo kwa muhuri.

Alama nazo zahitaji tafsiri. Kwetu asilimia 50 ni kufaulu, asilimia 70 ni distinksio, na mwenye kufikisha 80 hutajwa kwa miaka mingi baada ya kuondoka. Mgeni anayeona asilimia 72 anaweza kumfikiria mwanafunzi wa wastani. Namba ambayo haiwezi kueleweka vibaya ni nafasi ya mtu darasani. Profesa anayekuandikia barua ya mapendekezo akisema kwamba ulikuwa wa pili kati ya wanafunzi 85, jambo hilo linaeleweka kutoka Liège hadi Tokyo. Mwombe aandike hivyo, kwa adabu, na umpe namba hizo mkononi, kwa sababu hawezi kuzikumbuka.

Bara letu lenyewe nalo lina nafasi zaidi ya watu wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2011, kinalipia uzamivu katika taasisi zake, zikiwemo ile ya sayansi na teknolojia iliyoko Kenya na ile ya sayansi za viumbe na ardhi iliyoko Ibadan, Nigeria. Kikomo cha umri ni miaka 35 kwa wanaume na 40 kwa wanawake. Kwa wanawake kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao yake Trieste, Italia, ambalo limekuwa likiwalipia uzamivu wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi, Kongo ikiwamo, kwa sharti kwamba wasome katika nchi nyingine ya Kusini mwa dunia. Dada zetu wa fizikia na jiolojia wanastahili kuambiwa habari hii mapema, si baada ya kumaliza. Kwa wanafunzi bora wa vyuo vya Kongo upo pia mpango wa BEBUC, uliotokana na urafiki wa wanakemia wa Würzburg, Ujerumani, na wa Kongo, ambao humfuata mtu tangu akiwa bado mwanafunzi hadi uzamivu. Na anayehisi kwamba hisabati yake haijakomaa, taasisi ya AIMS yenye kituo Kigali hulipia uzamili, na kutoka hapo watu wengi wameingia katika uzamivu.

Lugha na karatasi nitazigusa kwa ufupi. Kifaransa chetu kinatosha kwa Ubelgiji ya upande wa Liège na Namur, kwa Ufaransa na kwa sehemu ya Uswisi. Penginepo Kiingereza hakiepukiki, na matokeo ya mitihani ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usifanye mtihani kabla hujajua unaomba wapi. Balozi nyingi ziko Kinshasa, na kutoka Lubumbashi safari ya kwenda huko ni ya ndege, gharama ambayo mwombaji wa Kinshasa haijui. Pasipoti itafutwe kabla ya kuandika barua ya kwanza. Na mtu yeyote anayekuandikia kwamba umeshinda ufadhili ila utume kwanza pesa za kufungulia faili, au za viza, ni mwizi, hata kama karatasi yake ina nembo ya serikali. Vyuo vingine, hasa vya Marekani, hutoza ada ya kuomba, lakini ada hiyo hulipwa kabla, katika tovuti ya chuo chenyewe, na mara nyingi mtu anaweza kuomba asamehewe.

Barua ya kukubaliwa ikifika, isome kwa utulivu kabla ya kuwaita ndugu kusherehekea. Hesabu miezi. Ufadhili mwingi hulipa miezi 36, na uzamivu wa sayansi, tena wenye kazi ya porini, mara nyingi humalizika mwaka wa nne. Mwulize promota, yaani profesa atakayekusimamia, kabla ya kutia saini, ni nani aliyelipia mwaka wa nne wa wanafunzi wake waliotangulia. Uliza nani atalipa vipimo vya maabara, kwa sababu posho ya kujikimu ni kitu kimoja na bei ya kupima sampuli 400 ni kitu kingine. Kama utapokezana kati ya hapa na Ubelgiji, uliza posho ya miezi ya nyumbani ni kiasi gani, maana huwa ndogo kuliko ya kule, na fakulti yako ikuandikie kwamba mzigo wa kufundisha utapunguzwa katika miezi hiyo.

Na kalenda ipangwe na anayeijua ardhi hii. Ratiba ya kwanza inayotoka Ulaya humweka mwanafunzi kule kuanzia Septemba kwa sababu ndipo mwaka wao wa masomo unapoanza, kisha humrudisha nyumbani Juni. Mwenzangu mmoja anayechunguza maua ya shaba alikubali ratiba hiyo katika mwaka wake wa kwanza. Aliporudi vilimani, mimea mingi ilikuwa imekauka na mbegu zimeanguka. Mwaka wa pili aliomba abaki Lubumbashi hadi mvua ziishe, akahesabu maua kilima kwa kilima Machi na Aprili, akakausha sampuli zake, akazipeleka Ubelgiji mwezi Mei. Promota alikubali siku ileile alipoelezwa.